Mchezaji na Mnafiki

Nilipokuwa seminarini, padri aliyetufundisha Kigiriki alituambia jambo moja ambalo sijalisahau hata leo. Alisema ya kwamba Bwana Yezu anapowakemea Wafarisayo katika Injili ya Mtakatifu Matayo na kuwaita wanafiki, neno lililoandikwa pale kwa Kigiriki ni hupokritesi. Na neno hilo, kwa Wagiriki wa kale, lilikuwa jina la mtu wa kazi fulani tu. Ndiye mchezaji wa michezo ya kuigiza, yule avaaye uso wa bandia na kusema mbele ya watu maneno yasiyo yake. Wenzangu walicheka, wakaanza kuitana hupokritesi kwenye uwanja wa mpira. Mimi sikucheka. Niliweka moyoni kwamba mchezaji na mnafiki wamezaliwa nyumba moja.

Sikuupata upadri. Nilirudi nyumbani, nikaoa, nikapewa kazi ya katekista, na neno lile nikarudi nalo. Kwa sababu yake nilimkosea kijana mmoja wa parokia yetu, kama nitakavyosimulia. Lakini siwezi kueleza kosa hilo vizuri nisipotoa kwanza habari za Mrusi mmoja, mchezaji wa teatri na wa sinema, jina lake Innokenty Smoktunovsky. Jina Innokenty ni lile lile la Kilatini Innocentius, lililochukuliwa na mapapa wengi, maana yake mtu asiye na hatia.

Nilimjua hivi. Padri mmoja mzee, mtu wa Polandi, alikuja kukaa kwetu majira ya mvua. Yeye alijifunza Kirusi utotoni, kwa sababu enzi za wakomunisti watoto wote wa Polandi walilazimishwa kukijifunza shuleni. Jioni moja mvua ilikataa kuacha, kikao cha wazee wa mashirika kikashindikana, naye akatuita sisi wachache tuliokuwa tumekwama parokiani, akafungua kompyuta yake mezani, akatuonyesha filamu ya Hamlet iliyotengenezwa Urusi mwaka 1964. Picha zake hazina rangi, nyeupe na nyeusi tu. Yeye alikaa pembeni akitutafsiria maneno polepole kwa Kiswahili. Ni filamu ndefu, inapita saa mbili, na betri iliisha kabla ya mwisho; tuliona kifo cha Hamlet kesho yake, baada ya Misa, jua lilipokwisha kuijaza tena.

Wengi wenu mmesikia habari za Hamlet, mchezo wa Mwingereza Shakespeare: mwana wa mfalme wa Denmark ambaye baba yake aliuawa na ndugu yake mwenyewe, na mwuaji akamwoa mjane na kukaa kitini pa mfalme. Mimi nilitazamia kuona mtu wa kupiga kelele na kujipiga kifua. Kumbe huyu Smoktunovsky hakupaza sauti hata kidogo pale ambapo mtu angeipaza. Ananyamaza, anatazama. Kuna mahali ambapo rafiki zake wawili wa shule wametumwa na mfalme wampeleleze. Yeye anampa mmoja filimbi, anamwomba aipige. Yule anasema hajui. Basi Hamlet anamwuliza kwa sauti ya chini kabisa: kama hujui kupiga kijiti hiki, unadhanije utaweza kunipiga mimi? Ndivyo padri alivyotufafanulia. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akasema pole pole, «Huyu amekwisha kupelelezwa kweli.»

Kesho yake, tukinywa chai, nikamwuliza padri swali langu la siku zote. Nikamwambia, «Padri, huyu mtu amenigusa. Lakini alikuwa anasema uwongo kwa mshahara. Si ndiye hupokritesi wa Injili?» Padri akanitazama juu ya miwani yake, akasema, «Mwalimu, kwanza ujue maisha yake, halafu uniulize tena.» Akaanza kunisimulia. Mambo mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye.

Smoktunovsky alizaliwa tarehe 28 Machi 1925 katika kijiji cha Tatyanovka, upande wa Tomsk, Siberia. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba. Njaa ilipoingia, watoto walipelekwa mji wa Krasnoyarsk, na Innokenty akalelewa kwa shangazi yake. Siku zile serikali ya Urusi ilikuwa inafunga makanisa na kuwafunga mapadri. Yeye mwenyewe, alipokuwa mtu mzima mwenye sifa, alisimulia ya kwamba siku moja shangazi yake alimpa rubli 30 azipeleke kanisani, awape watu wa kanisa. Rubli 30 kwa mtoto mwenye njaa! Njiani aliwaza vitu vyote vitamu ambavyo angeweza kununua. Alizishika, akapigana na moyo wake, hatimaye akazitoa. Akapokelewa kwa heshima, padri akamwombea. Tena alisema uzeeni kwamba alidhani ni kwa sababu ya siku ile Mungu alimlinda vitani.

Padri wa Polandi alipofika hapo alisimama kidogo. «Thelathini,» akasema. «Unasikia, mwalimu? Hesabu ile ile.» Mimi nilisikia, lakini wakati ule sikupenda kufikiri habari za Yuda, na sababu yake mtaiona.

Vita vilipokuja baba yake alikwenda akafa huko. Kijana mwenyewe aliitwa jeshini mwaka 1943. Alikuwa katika vita vikubwa vya Kursk, akawa katika wale waliovuka mto Dnieper chini ya risasi. Mwezi wa Desemba mwaka ule, karibu na mji wa Zhytomyr katika Ukraina, Wajerumani wakamkamata. Akakaa kambini mwa wafungwa wa vita pamoja na wengi waliokuwa wakifa kwa njaa na tifusi. Tarehe 7 Januari 1944, walipokuwa wanaendeshwa kwa miguu kwenda mbali zaidi, alichepuka akajificha chini ya daraja mpaka msafara ulipopita. Siku hiyo, kwa kalenda ya Kanisa la Orthodoksi, ni Noeli.

Alijikokota mpaka nyumba moja ya kijiji, akagonga. Aliyefungua ni bibi mzee wa familia ya Shevchuk. Ninyi wasomaji wa upande wetu hamhitaji kuelezwa bibi yule alikuwa anahatarisha nini. Aliyemficha mfungwa mtoro aliuawa, yeye na wa nyumbani mwake. Alimwingiza, akamlisha, akamficha karibu mwezi mzima. Hakuwa mwanawe, wala hakumjua. Kijana alipopata nguvu akajiunga na wapiganaji wa msituni, halafu akarudi jeshini, akapigana mpaka Ujerumani. Alipewa medali mbili za ushujaa, ingawa moja wapo ilichelewa miaka karibu hamsini kumfikia, akiwa mzee mwenye mvi.

Sasa sikilizeni. Mtu huyu, mwenye medali, aliporudi nyumbani hakupokewa kama shujaa. Alikuwa amekaa mikononi mwa adui, na kwa serikali ya Stalin mtu aliyekamatwa na adui akarudi mzima alikuwa mtu wa kushukiwa: kwa nini hakufa? Alifanya nini kule? Alikula chakula cha nani? Hakuruhusiwa kukaa katika miji mikubwa. Alijifunza uchezaji kidogo katika teatri ya Krasnoyarsk, na mwaka 1946 akaenda mahali ambapo hapana mtu wa kumfukuza, maana hapana pabaya zaidi pa kumpeleka: mji wa Norilsk, kaskazini kabisa, ambapo baridi inapasua mawe na jua halionekani wiki nyingi za mwaka. Mji ule ulijengwa na wafungwa kwa ajili ya machimbo ya nikeli. Kulikuwa na teatri huko, na ndani yake walicheza watu waliotoka kambini na watu waliohamishwa kwa nguvu. Hapo ndipo alipobadili jina lake la ukoo, kwani kwanza aliitwa Smoktunovich.

Padri aliposema maneno yale, «kwa nini hakufa, alikula chakula cha nani,» mimi niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo, si kwa Kirusi.

Parokiani kwetu vijana wa Kiro hucheza Mateso ya Bwana Wetu kila Ijumaa Kuu, nje, kuanzia uwanja wa shule mpaka kilimani penye msalaba. Mimi ndiye ninayewapanga. Kila mwaka wako kumi wanaotaka kuwa Petro, na wa kuwa Yuda hapatikani. Basi mwaka mmoja kijana fulani alijiandikisha. Nisitaje jina lake. Alichukuliwa na watu wa silaha akiwa na miaka 14, akakaa nao porini miaka mitatu, akatoroka. Walimrudisha kwa mama yake, naye akawa anakuja kanisani, anakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Alipojiandikisha hakuandika nafasi aliyotaka. Aliandika jina tu.

Wenzake walisema, «Mwalimu, mpe Yuda. Inamfaa.» Nami nikampa. Sikusita hata kidogo. Niliona furaha kwamba shida yangu imekwisha. Na moyoni nikajiambia lile neno langu la Kigiriki, ya kwamba kama mchezaji ni mnafiki, haidhuru nafasi gani anapewa nani, mchezo ni mchezo. Wakati uo huo nilimkataza msichana mmoja asiwe Bikira Maria kwa sababu ya maneno ya watu juu yake. Ndivyo nilivyokuwa: kwa mmoja mchezo ni uwongo tu, kwa mwingine mchezo ni ukweli mtupu, kadiri ilivyonifaa.

Kijana akacheza. Alicheza vizuri kupita wote, sitaficha. Alipopokea mfuko wa fedha hakuutazama, aliutazama mkono wake. Watu walinyamaza. Lakini baada ya mchezo watoto walimfuata njiani wakimtupia mawe madogo, na toka siku hiyo sokoni aliitwa Yuda. Si jina la kucheza tena. Mama yake alikuja kwangu baada ya oktava ya Pasaka, hakukaa kitini, akaniuliza neno moja tu: «Mwalimu, mtoto wangu alimsaliti nani?» Nilimjibu kwamba ni mchezo, mama, ni mchezo tu. Akaenda zake. Kijana hakuonekana tena karibu na mlango wa kanisa.

Haya yalikuwa yamepita mwaka mzima padri mgeni alipokuwa ananisimulia. Sikumwambia. Nilimwacha aendelee.

Smoktunovsky alikaa Norilsk miaka kama mitano. Mwili ulidhoofika kwa kukosa vyakula vibichi. Mwenzake Georgy Zhzhonov, mchezaji mkubwa aliyepitia makambi ya wafungwa, aliona kipaji chake akamhimiza aondoke kabla hajafia kule. Akaenda Makhachkala kando ya bahari ya Kaspi, akaenda Stalingrad, mwishowe akafika Moscow mwaka 1955. Teatri zilimkataa moja baada ya nyingine. Hakuwa na chumba wala nguo; watu walimwona kiangazi, wakati wa joto, anatembea amevaa suti ya kutelezea theluji kwa sababu hakuwa na nyingine. Miaka 30, na hakuna aliyemjua.

Alipata nafasi ndogo katika filamu ya vita, Askari, mwaka 1956. Humo alicheza ofisa mpole mwenye miwani, mtu wa vitabu katikati ya mauaji. Georgy Tovstonogov, mkubwa wa Teatri Kubwa ya Drama ya Leningrad, aliiona. Wakati ule Tovstonogov alikuwa anatayarisha mchezo kutoka kitabu cha Dostoyevsky kiitwacho Mjinga, na hakuwa na mtu wa nafasi ya kwanza. Akayakumbuka macho ya ofisa yule. Akamwita.

Hapa inafaa nieleze kitabu chenyewe, kwa kuwa ni kitabu ambacho kila katekista angekisoma angefaidika. Dostoyevsky alikitoa miaka ya 1868 na 1869. Alitaka kuandika habari za mtu mwema kabisa, naye aliungama katika barua ya kwamba ni kazi ngumu kupita zote, kwa maana mwema kabisa ulimwenguni ni mmoja tu, ndiye Kristu. Katika daftari zake za matayarisho alimwita mtu wake «Mwana wa Mfalme Kristu». Basi mtu huyo, Myshkin, anarudi Urusi kutoka Uswisi alikotibiwa kifafa, ana kifurushi kidogo tu mkononi. Anamwamini kila mtu. Wanamcheka, wanamdanganya, mmoja anampiga kofi usoni mbele ya watu. Naye anamwonea huruma aliyempiga, kwa aibu itakayomwingia baadaye. Watu wanamwita mjinga. Na kitabu hakimalizi kwa furaha, msikitafutie hiyo.

Sasa nani ataigiza wema kama huo bila kuwa kichekesho? Nimeona katika michezo yetu: anayecheza Yezu huinua macho juu, hutembea kama amebeba yai, husema kwa sauti ya padri mgeni. Watu wazima huvumilia, watoto husinzia. Smoktunovsky naye alishindwa kwanza. Mazoezi yalikuwa mabaya, wenzake walikata tamaa naye, yeye mwenyewe alitaka kuacha. Halafu, kama alivyosimulia, siku moja katika mapito ya nyumba ya kutengenezea sinema huko Leningrad, katikati ya kelele na watu wa kwenda na kurudi, alimwona mtu amesimama anasoma kitabu. Tu. Amesimama anasoma, hana haraka, kelele hazimfikii, uso wake umetulia kama wa mtu aliye mahali pengine. Smoktunovsky akajua: huyu ndiye. Baadaye akaambiwa kwamba mtu yule alikuwa amekaa miaka 17 katika makambi ya Stalin.

Mimi nilimkatiza padri hapo. «Kwa hiyo aliupata uso wa mtu mwema kwa mfungwa?» Akasema, «Ulitaka aupate kwa nani?»

Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza siku ya mwisho ya mwaka 1957. Leningrad yote ikausimulia. Katika nchi ambayo kwa miaka 40 ilifundishwa kumcheka Mungu, watu walijipanga kwenye baridi kununua tikiti wakamtazame mtu mpole anayesamehe. Hawakuhubiriwa, jina la Mungu halikuhitaji kutajwa sana. Mwaka 1966 mchezo ulirudishwa, ukapelekwa mpaka London na Paris.

Baada ya hapo njia yake ilifunguka, nami nitapita haraka. Aliiacha teatri ya Leningrad mwaka 1960 kwa ajili ya sinema. Mwaka 1962 alicheza mwalimu wa elimu ya atomu katika filamu ya Mikhail Romm iitwayo Siku Tisa za Mwaka Mmoja. Mwaka 1964 Grigori Kozintsev akamfanya Hamlet, filamu ikapata zawadi huko Venice, na mwaka 1965 wakapewa Zawadi ya Lenin, iliyokuwa kubwa kabisa kwao. Mwaka huo huo alimcheza Lenin mwenyewe, jambo ambalo wasomaji wengine hawatalipenda, nami sina la kulitetea. Lakini mwaka 1966 akacheza filamu ya kuchekesha ya Eldar Ryazanov, Jihadhari na Gari, na hiyo tuliiona pia kwa padri tukacheka mpaka machozi: mtu mpole anaiba magari ya walarushwa, anayauza, na fedha anazipeleka kwa watoto yatima. Na katika filamu hiyo hiyo, jioni, mwizi yule anacheza Hamlet na wafanyakazi wenzake. Smoktunovsky alikuwa anajicheka mwenyewe. Mnafiki hajichekeshi hivyo. Ndilo jambo la kwanza lililonitia shaka juu ya Kigiriki changu.

Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1976 aliingia Teatri ya Sanaa ya Moscow, akakaa huko mpaka mwisho. Na mwaka 1984, mtu yule aliyekuwa Myshkin alipewa nafasi nyingine katika mchezo uliotoka kitabu cha Saltykov-Shchedrin, Jamaa ya Golovlyov. Katika jamaa hiyo kuna mtu ambaye tangu utoto nduguze wamempa jina la Yuda Mdogo. Huyo anasali mchana na usiku, anapiga magoti mbele ya sanamu takatifu, maneno yake ni matamu kama asali, kila neno lina Mungu ndani. Na kwa maneno hayo hayo anamnyang'anya mama yake mali, anawaacha nduguze wafe, anawanyima wanawe msaada mpaka wanaangamia. Ndiye mnafiki hasa, Mfarisayo wa Matayo aliyevaa nguo za Kirusi. Smoktunovsky alimcheza huyo akiwa na karibu miaka 60.

Padri alinieleza mwisho wa kitabu. Ni Juma Takatifu. Yuda Mdogo, amezeeka, amesikia kanisani Injili ya mateso ambayo amekwisha kuisikia maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza inaingia. Usiku anatoka nyumbani katika dhoruba ya theluji kwenda kaburini kwa mama yake kuomba msamaha. Asubuhi wanamkuta njiani ameganda, amekufa.

Nikamwuliza padri, je, mtu mmoja anawezaje kumcheza Myshkin na kumcheza Yuda Mdogo, na wote wawili wakasadikika? Hapo ndipo aliponirudisha kwenye lile neno. Akasema: mnafiki anavaa uso wa mtu mwema ili watu wasiuone wake. Mchezaji, akiwa mchezaji wa kweli, anavaa uso wa mtu mwingine ili tuuone wetu. Kitambaa ni kimoja, akasema, lakini mmoja amejifunika nacho, mwingine amekifunua. Bwana Yezu hakuwakemea watu wa teatri. Aliwakemea watu wa sinagogi waliofanya sala kuwa teatri. Tena akanikumbusha ya kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili, mtu wa nchi yake, kabla hajawa padri alikuwa mchezaji huko Krakow, wakicheza kwa siri vyumbani wakati Wajerumani wameikalia nchi.

Ndipo nilipomwambia habari za kijana wetu. Nilimwambia yote, mpaka maneno ya mama. Hakunikemea. Aliuliza tu kijana yuko wapi sasa. Nikasema, nyumbani kwa mama yake, anachoma matofali. Akasema, «Si mbali.»

Smoktunovsky alifariki tarehe 3 Agosti 1994, akiwa na miaka 69, akazikwa Moscow katika makaburi ya Novodevichy. Nimesoma mengi aliyosifiwa. Lakini ninaporudi kwake usiku sifikiri habari za Hamlet wala zawadi. Nafikiri habari za mlango wa bibi yule wa Shevchuk. Kijana amegonga, ana chawa, ananuka kambi, na bibi hakuuliza alikula chakula cha nani. Alimpa chake. Macho ambayo Tovstonogov aliyakumbuka yaliutazama kwanza uso wa bibi yule, na sidhani kwamba shule yoyote ya Moscow ingeweza kumfundisha wema kama alivyouona pale. Mimi nilikuwa na mlango wangu, ukagongwa, nikampa aliyegonga mfuko wa fedha za Yuda.

Kwarezima iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta kwenye tanuru ya matofali, amejaa vumbi jekundu. Mama yake aliniona akaingia ndani bila kunisalimu, na alikuwa na haki. Nikamwambia kijana: nimekuja kukuomba msamaha, nilikupa nafasi ile kwa sababu mbaya. Akaendelea kupanga matofali. Nikamwambia mwaka huu achague mwenyewe nafasi anayotaka, hata ya kwanza. Akanyamaza sana. Halafu akauliza, bila kunitazama:

«Na Yuda, mwalimu, atakuwa nani?»

Nikasema, «Ni mimi.»

Akasimama, akanitazama toka juu mpaka chini, mimi na shati langu la katekista na msalaba kifuani, na akacheka. Nilikuwa sijapata kumwona akicheka. Akasema hatacheza mwaka huu, labda mwingine. Lakini akapangusa mikono, akaokota kipande cha gunia, akatia ndani mawe madogo, akafunga, akanipa. Nikakipokea. Akatikisa kichwa.

«Hapana, mwalimu. Umekishika haraka mno. Mtu hapokei hivyo. Rudisha, tuanze tena.»